Tusubiri Mtambo Uzinduliwe

Nchi yetu siitaji kwa jina, na msinidhanie vibaya. Jina lake kisheria hutajwa mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, na mimi hapa nimeketi. Kwa nini nimeketi, na kwa nini sina ruhusa ya kusimama, mtaelewa mkinivumilia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina amani tele, na foleni zake zimenyooka kuliko za majirani.

Mchezo wetu wa taifa ni besiboli. Wageni huuliza ilikuwaje, maana babu zetu hawakuujua hata kwa ndoto. Ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili iliyopita Mlezi Mkuu wa Nchi alirudi kutoka ziara ya nje akiwa na gongo la mti alilozawadiwa na wenyeji wake. Akishuka kwenye ndege aliliinua kidogo, apate tu kuona ngazi anayokanyaga. Waandishi wakapiga picha. Jioni ile redio ikatangaza mchezo mpya wa taifa, na asubuhi yake milingoti ya magoli nchi nzima ikakatwa ikachongwa magongo. Sisi tuliokuwa tunapenda kandanda tulianza kupenda besiboli saa mbili kamili, kama tulivyoelekezwa.

Kanuni zake si ngumu. Mmoja anarusha mpira, wa timu nyingine anaupiga kwa gongo, akiupata anatimua mbio kuzunguka vituo vinne. Akikigusa kituo cha nne kabla mdakaji hajamgusa kwa mpira, mwamuzi anapanua mikono na kusema "Salama!" na timu inapata alama. Akiguswa kwanza, ni "Nje!" Basi, hakuna zaidi.

Kazi yangu mimi ni ubao. Uwanja wa Taifa una ubao mkubwa wa bati wenye misumari, nami huketi juu ya ngazi, kidato cha tisa, nikitundika namba. Nilianza zama za magoli. Sina siasa yoyote. Nikiambiwa nne natundika nne.

*

Matatizo yalianza msimu uliopita, wakati mpwa wa Mlezi Mkuu, kijana mnene mwenye heshima zake, alipokuwa akikimbilia kituo cha pili, akachoka njiani, akaketi. Mwamuzi Zefania Mlekwa akasema, "Nje." Mzee Mlekwa amekuwa mwamuzi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ana ugonjwa mmoja tu: akiona kitu, anasema alichokiona.

Bunge lilikaa siku nne. Waziri wa Michezo na Burudani Zilizoidhinishwa alisimama akafuta miwani yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "jicho la binadamu lina kope. Kope hufumba. Nauliza, ni mara ngapi kwa siku taifa hili limekuwa likiamuliwa na jicho lililofumba?"

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikapasuka. Kwa kauli moja wakapitisha Mtambo wa Kutazama Tena, wenye kamera sita na skrini pana kama ukuta wa ghala, pamoja na Kamati ya Kutazama Tena ya watu kumi na mmoja. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyewahi kuuona mchezo wenyewe, jambo lililofanywa makusudi ili kuondoa upendeleo.

Kanuni zilibandikwa langoni. Nitazinukuu mbili tu. Kanuni ya Saba: *Ombi la kutazama tena likiwasilishwa, kila aliyemo uwanjani atabaki alipo na kama alivyo hadi jibu litoke, ili ushahidi usivurugike.* Kanuni ya Nane: *Tangu ombi liwasilishwe, macho ya mwamuzi yatahesabiwa kuwa hayakuona.*

Tulizisoma tukapiga makofi. Nilipiga na mimi, ingawa mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika ngazi.

*

Fainali ilichezwa Jumamosi, Reli dhidi ya Forodha. Reli ni timu ya shirika letu la reli, ambalo treni yake moja iko makumbusho, na ndiyo maana wafanyakazi wake wanajua sana kukimbia. Aliyejua kuliko wote ni Gervas Kirungi. Uwanja mzima ulijua pia kwamba Gervas angefunga ndoa kesho yake saa nne asubuhi katika kanisa lililo ng'ambo ya barabara, kwa sababu washabiki wa Reli walikuwa wakiimba habari hiyo tangu mpira wa kwanza. Bibi harusi alikuwa Restituta, fundi wa sare za shule, aliyejishonea gauni mwenyewe. Baba yake alikuwa amemwambia Gervas mbele ya wajomba wote wawili: "Saa nne ni saa nne. Ikiwa saa nne na robo, ninarudi na binti yangu nyumbani."

Saa kumi na nusu alasiri tulikuwa tatu kwa tatu, mpigo wa mwisho. Gervas akaupiga mpira ukaenda kuanguka karibu na choo cha wageni maalumu. Akazunguka kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mpira nao ukawa unarudi. Gervas akajitupa kifudifudi kwenye kituo cha nne, mkono wa kushoto mbele, na Yonazi, mdakaji wa Forodha, akamshindilia glavu yenye mpira mgongoni. Vumbi likatimka.

Mimi nilikuwa nikitazamana na kituo hicho uso kwa uso. Mkono ulifika kwanza. Kati ya mkono na glavu palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kusema pole akaitikiwa. Nilikwisha kuitoa namba nne mfukoni mwa ubao na kuipakata.

Mzee Mlekwa akapanua mikono. "Sa—" akasema, na papo hapo Mwenyekiti wa Forodha akainua bendera ya kijani ya kuomba kutazama tena, kule jukwaa kuu. Mzee akafunga mdomo, neno likiwa nusu nje nusu ndani. Filimbi ikalia.

"Kila mtu abaki alipo!" kipaza sauti kikatangaza. "Na kama alivyo!"

Tukabaki. Gervas kifudifudi, mkono juu ya kituo. Yonazi amemwinamia, glavu mgongoni. Mzee Mlekwa mikono imepanuka kama mtu anayepimwa koti. Muuza karanga ngazi za mashariki, mkono umenyooka na kikaratasi cha karanga, na mteja wake mkono umenyooka kukipokea.

Fundi mitambo akaenda kwenye mtambo. Alirudi akizungumza kwa sauti ya chini na Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Profesa Dokta Mhandisi Pantaleo Nyundo. Mtambo ulikuwa mzima. Umeme ulikuwapo. Ila ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa cha buluu, na juu ya kitambaa palifungwa utepe.

Ulikuwa haujazinduliwa.

Msomaji wa nchi nyingine atasema, kata utepe. Huyo hajui malezi yetu. Kwetu kitu ambacho mgeni rasmi hajakizindua kinaonekana lakini hakipo. Jirani na kwangu kuna zahanati ina vitanda, ina dawa, ina nesi mwenye sare. Mwaka wa tatu huu wagonjwa wanaipita wakienda ng'ambo ya mto, na nesi huwapungia mkono. Mgeni rasmi hajapata nafasi. Mama yangu mzazi alipita pale akiwa kwenye machela, na nesi akampungia vizuri sana. Hatukumrudisha nyumbani akiwa hai, lakini utaratibu ulifuatwa.

Basi Profesa Nyundo akapiga simu kumwita mgeni rasmi.

Usiku wa Jumamosi siwezi kuueleza, kwa sababu taa za uwanja nazo hazijazinduliwa.

*

Jumapili asubuhi ulitoka waraka wa ufafanuzi. Uliruhusu kutafuna, kukohoa, kupiga makofi, na kwa watumishi wa umma, kuandika. Mwenye haja aliruhusiwa kwenda, mmoja mmoja, kwa sharti la kuacha kiatu mahali pake, kama tunavyofanya kwenye foleni ya maji. Gervas peke yake hakuruhusiwa, kwa kuwa alikuwa Ushahidi Namba Moja. Waungwana wataelewa bila mimi kuendelea.

Kutoka pale juu nilisikia yeye na Yonazi wakizungumza. Watu wakikaa usiku mzima mmoja amemwekea mwenzake mkono mgongoni, uadui huisha.

"Kaka, samahani, mkono wangu umekufa ganzi," alisema Yonazi.

"Usiuondoe, ndugu yangu. Utaniharibia."

"Siuondoi. Ila nikwambie kitu, wewe tu. Uliwahi."

"Najua niliwahi."

"Basi na mimi najua."

"Si uwaambie!"

Yonazi akatupa jicho jukwaa kuu. "Wewe Gervas nawe," akasema, "mimi ni nani mpaka nijue kabla ya mtambo?"

Saa tatu na nusu Restituta akaja. Alikuja na gauni lake, shela na maua, baba yake nyuma yake akitazama saa. Alitembea mpaka kwenye mstari wa chokaa akasimama hapo hapo, maana angeuvuka naye angekuwa ushahidi. Kati yake na Gervas palikuwa na hatua mbili za mtu mzima.

"Gervas, inuka twende," alisema.

"Kidogo tu, mama. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Si acha kiatu hapo, kama wengine! Dakika ishirini tu utarudi."

Wakili wa Kamati, bwana mmoja mwembamba aliyekuwa akizunguka na faili, akasogea kumsaidia kisheria. "Dada, kiatu hakikugusa kituo," akasema. "Kilichogusa ni mkono. Kama anaweza kuuacha mkono, Kamati haina pingamizi."

Hakucheka. Nilimtazama vizuri nione kama atacheka, na hakucheka.

"Basi padri aje amfungishe hapa hapa alipolala," akasema Restituta. "Padri kakubali, nimeshamuuliza."

Wakili akafungua faili. "Kanuni ya Saba inasema *kama alivyo*. Aliyekimbia jana alikuwa kapera. Tukimwoza leo, mtambo utakuwa unamtazama tena mtu mwingine kabisa."

Watu waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa kuikubali hoja. Mimi pia nilitikisa, na leo naona haya kusema hivyo.

Restituta akageuka kwa Mzee Mlekwa, aliyekuwa bado kapanua mikono. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, wewe uliona?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Kuona kwangu kumesimamishwa, mwanangu."

Kengele ya saa nne ikalia ng'ambo ya barabara. Ilipofika na robo, baba yake akamshika mkono wakaondoka, na vumbi la chokaa likawa limeshika pindo la gauni. Gervas alilala amegeuza uso upande wa pili, akisema na ardhi maneno ambayo sikuyasikia.

Saa nane ikatangazwa kwamba mgeni rasmi amebanwa na majukumu na atatuma mwakilishi. Saa kumi, mwakilishi akatangaza kwamba ameheshimika sana na yeye pia atatuma mwakilishi.

*

Mwakilishi wa mwakilishi alifika Jumatatu saa tano, na hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya uzinduzi wa kisima. Aliisoma yote. Kila palipoandikwa "maji" alisoma "maji, yaani picha," na tukapiga makofi, itifaki ikiwa imezingatiwa kwa dakika thelathini na tano za majina. Kisha mkasi ukaletwa juu ya mto mwekundu, utepe ukakatwa, kitambaa kikaanguka, na Mtambo wa Kutazama Tena ukawepo.

Restituta alikuwa amesharudi. Safari hii alivaa gauni la kazini, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Alisimama pale pale kwenye chokaa.

"Baba amelainika," alimwambia Gervas. "Kasema leo saa nane, mara ya mwisho kabisa. Padri yuko tayari. Ni leo, Gervas. Umenisikia?"

"Nimesikia. Ona, mtambo umewaka! Tunamaliza sasa hivi."

Skrini ikawaka kweli. Kamati ikaketi, ikafungua kikao kwa sala, ikasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, na kwa kuwa hakikuwapo, ikazithibitisha. Kisha picha ikaja.

Alionekana Gervas amelala kifudifudi, mkono juu ya kituo, glavu mgongoni.

Walimtazama kwa kamera ya kwanza. Wakamtazama kwa kamera ya sita. Wakamrudisha nyuma, wakampeleka mbele, wakamkuza mpaka ukucha wake mmoja ukajaza skrini. Hakusogea. Ikawa saa saba na nusu. Fundi mitambo akainua mkono na kueleza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kamera kisheria haziruhusiwi kurekodi kabla ya uzinduzi, hivyo picha zote zinaanzia leo baada ya utepe kukatwa.

Profesa Nyundo akamshukuru kwa mchango wake na kusoma uamuzi.

"Kamati imejiridhisha kwamba mchezaji hakuonekana akikimbia. Kamati imejiridhisha kwamba mchezaji hakuonekana akifika. Mchezaji ameonekana akiwepo. Swali la amefikaje pale litaundiwa tume. Kwa sasa mchezaji ahesabiwe kuwa sehemu ya uwanja, na asisogezwe bila kibali."

Wakapiga makofi jukwaa kuu. Huku kwetu makofi yalichelewa, na mengine hayakuja.

"Mzee Mlekwa," akasema Restituta. Hakupaza sauti, ila palikuwa pamenyamaza hata mimi nilimsikia. "Zimebaki dakika ishirini. Uliona au hukuona?"

Mzee alikuwa na siku ya tatu amepanua mikono. Alitazama skrini, akatazama jukwaa kuu, akamtazama yule binti na futi yake shingoni.

"—lama!" akasema Mzee Mlekwa.

Kisha akalirudia lote, kwa sauti ya ujanani. "Salama! Alifika! Niliona mimi kwa macho yangu, na kope zilikuwa wazi! Salama!"

Ngazi za mashariki zikalipuka. Karanga zikarushwa hewani. Yonazi akauondoa mkono wake mgongoni mwa Gervas, akaukumbatia kifuani huku analia kwa ganzi na furaha. Nikaunyanyua mkono na namba yangu nne, nikaifikisha kwenye msumari. Ilibaki kuiachia tu. Lango kuu nalo lilikuwa wazi; niligundua wakati ule kwamba lilikuwa wazi tangu Jumamosi, kwa sababu filimbi ilipolia askari alikuwa ameketi, na Kanuni ya Saba ilimkataza kuinuka kulifunga.

"Gervas!" akaita Restituta. "Haya!"

Gervas akainua kifua. Akavuta goti moja. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu ya kituo. Akainua macho kwenye skrini, na kwenye skrini akajiona anainuka, mdogo, mchafu, peke yake. Akasita.

"Mzee Mlekwa, nakushukuru sana," akasema. "Lakini mtambo haujasema."

"Nimesema mimi."

"Ndiyo, mzee. Sasa kesho wakisema si salama? Nitakuwa nimeinuka bure. Siku tatu hizi nilizolala hapa, zitakuwa za nini?"

"Inuka, mwanangu," mzee akasema, na alikuwa anaomba kabisa. "Tafadhali inuka."

Gervas akalala tena polepole, kama mtu anayerudi kwenye kitanda chake. Akainua mkono wa kulia kuelekea jukwaa kuu.

"Naomba itazamwe tena," akasema.

Filimbi ikalia.

Tukabaki tulipo na kama tulivyo. Yonazi mikono kifuani. Mzee Mlekwa kapanua mikono upya. Mimi nimeketi kidato cha tisa, mkono mmoja umeshika namba nne, umbali wa unywele mmoja kutoka kwenye msumari, na mwingine ndio huu unaoandika haya nyuma ya bati la sifuri.

Restituta alikuwa nje ya chokaa. Alimtazama Gervas kwa muda, bila hasira, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Mimi nimeshakuona, Gervas," akasema. "Sitazami tena."

Akaenda zake. Alipita langoni, askari akampa mkono wa buriani akiwa ameketi.

Gervas hakuweza kugeuza kichwa kumfuata kwa macho, kwa sababu kichwa nacho ni ushahidi. Kengele ya kanisa ikalia saa nane. Alisubiri imalize, kisha akaniita, maana mimi niko juu na ninaona mpaka barabarani.

"Mzee wa ubao! Anarudi?"

Nilimwona waziwazi. Alikuwa amevuka barabara, amelipita kanisa, amefika kona ya duka la vyombo. Alikuwa anaivua ile futi shingoni na kuikunja vizuri kwa vidole viwili, kama mtu anayewahi kazini, na hakugeuka hata mara moja.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikakumbuka kwamba filimbi imelia, na mimi nimo uwanjani, na macho yangu ni macho tu.

"Tusubiri picha," nikamwambia.